Kikundi cha Ukoo: Ujumbe wa Tarehe ya Unyakuo

Shangazi: Shalom, kaka zangu na wanetu. Nimeletewa ujumbe unaosema kwamba, kwa hesabu za kitabu cha Danieli, kanisa litanyakuliwa, yaani waumini watachukuliwa juu kumlaki Kristo, kabla mwezi huu haujaisha, na kwamba atakayekaa nao bila kuusambaza atadaiwa damu ya watakaoachwa. Tangu jana usiku nausoma na kuurudia, na sina amani.

Baba Mkubwa: Shalom, mdogo wangu. Bwana alisema kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika wa mbinguni, ila Baba peke yake. Hayo yamo katika Mathayo 24:36, nami sioni mwandishi wa ujumbe huo amelipataje lililofichwa hata kwa malaika. Hesabu za Danieli si jambo geni. William Miller, mkulima wa Marekani, alizichukua siku 2,300 za Danieli 8:14 akazihesabu kuwa miaka, na wafuasi wake wakaingoja tarehe 22 Oktoba 1844 kuwa siku ya kurudi kwa Kristo, wengine wakiwa wameacha mazao shambani bila kuvuna, wakalia hadi kukapambazuka. Harold Camping, mhubiri wa redio wa Marekani, naye alitangaza tarehe 21 Mei 2011, akaisogeza hadi Oktoba, na mwaka uliofuata akakiri kwamba kutaja tarehe kulikuwa dhambi.

Baba Mdogo: Tarehe tuiache, kaka, lakini unyakuo wenyewe tusiutilie shaka. Mathayo 24:40 inasema kwamba wawili watakuwa kondeni, mmoja atatwaliwa na mmoja ataachwa. Mimi naomba niwe yule anayetwaliwa.

Neema: Shikamooni, wazazi wangu. Baba Mdogo, kwa heshima zote, tusome pia aya iliyotangulia. Inasema gharika ilikuja ikawachukua wote, na waliochukuliwa hawakuwa Nuhu na jamaa yake, bali wale waliokuwa wakila na kunywa bila habari, Nuhu alibaki. Ndiyo maana wapo wafasiri wanaosema kwamba katika mfano huo aliyeachwa ndiye aliye salama. Wengine hawakubali, kwa kuwa neno la Kigiriki lililotumika kwa gharika silo lililotumika kwa wale wawili wa kondeni.

Baba Mdogo: Basi sijui tena niombe nini.

Baba Mkubwa: Marahaba, binti yangu. Ila usitufanye tudhani kwamba unyakuo ni hadithi ya kutungwa na watu, kwa maana Paulo ameutaja waziwazi.

Neema: Ameutaja, Baba Mkubwa, katika 1 Wathesalonike 4:17, anaposema kwamba walio hai watanyakuliwa katika mawingu "tumlaki" Bwana hewani. Kinachobishaniwa ni kama kunyakuliwa huko kutatukia kwa siri kabla ya dhiki kuu, yaani kipindi cha mateso makubwa ya mwisho, kisha Kristo arudi tena hadharani, au kama yote mawili ni tukio moja. Fundisho la kuyatenganisha lilienezwa kuanzia miaka ya 1830 na John Nelson Darby, aliyewahi kuwa kasisi wa Kianglikana huko Ireland, na maelezo ya Biblia ya Scofield ya mwaka 1909 yakalifikisha kwa wasomaji wengi. Wapentekoste wengi wanalishika, ilhali Wakatoliki, Waorthodoksi na Walutheri kwa jumla wanangoja kurudi kumoja. Mimi hushawishiwa na neno "tumlaki". Mgeni akilakiwa, wenyeji hutoka kumpokea njiani kisha huingia pamoja naye, hawafuatani naye kurudi alikotoka. Neno hilohilo la Kigiriki limetumika kwa wanawali waliotoka kumlaki bwana arusi, na kwa ndugu waliotoka Rumi wakamlaki Paulo penye Soko la Apio, naye akaendelea na safari hadi mjini.

Baba Mkubwa: Hoja ya kulaki ni nzito, nakubali, ingawa sijahama nilipo, nimefundishwa tangu ujana kwamba kanisa halitaiona dhiki, na bado naliona hilo katika ahadi ya Ufunuo 3:10, ya kulindwa na saa ya kujaribiwa itakayoujia ulimwengu wote.

Shangazi: Nawashukuru, lakini mimi sikuwa nikiuliza habari za dhiki. Ujumbe ule unasema watakaochukuliwa ni wale watakaokutwa hai na macho, nami nikamkumbuka marehemu mama.

Baba Mkubwa: Kumbe ndilo lililokunyima usingizi. Mdogo wangu, hofu hiyo ndiyo waliyokuwa nayo Wathesalonike, kwa ajili ya wapendwa wao waliolala kabla Bwana hajarudi, na aya zile za Paulo tunazozigombania ziliandikwa kuwajibu wao. Aliwaambia kwamba walio hai hawatawatangulia waliolala, kwa kuwa waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza, ndipo walio hai wanyakuliwe pamoja nao. Ameandika "pamoja nao", si "baada ya kuwaacha". Na aya ya 18 haiwaagizi wahesabu siku, inawaagiza wafarijiane.

Shangazi: Nimeufuta ule ujumbe, kaka.

Baba Mdogo: Mimi nilikwisha kuusambaza kwa watu saba. Sasa nawaandikia mmoja mmoja.