Pikipiki ya kwanza kwa anayeanza sifuri: Boxer 150, TVS HLX 125, YBR 125 au skuta?

Mwanagoba

Wakuu, heshima kwenu. Naishi Goba, kazi iko Mikocheni, na daladala mbili asubuhi na mbili jioni zimenishinda. Nimeamua kununua pikipiki ya kwendea kazini, siyo ya biashara. Sijawahi kuendesha pikipiki hata siku moja. Leseni ya gari ninayo, daraja B. Urefu wangu ni sentimita 157 na mwili wenyewe mdogo. Bajeti ni milioni tatu na nusu, kila kitu kikiwa ndani.

Nimebakiza nne. Kuna Boxer 150 ambayo jirani yangu alikuwa anaipigia boda. Kuna HLX 125 mpya dukani. Kuna YBR 125 iliyotumiwa na ofisi moja, sasa wanaiuza. Ya mwisho ni skuta ya otomatiki, mtumba. Kaka yangu anasema bila Boxer 150 sijanunua pikipiki. Binamu yangu anasema skuta, kwa sababu mimi ni mwanamke. Sababu zote mbili hazijaniingia, ndiyo maana nimekuja kwenu. Njia yangu ni Goba, Makongo, natokea Chuo cha Ardhi, Mwenge, Mikocheni.

Mkufunzi Mabibo

Karibu dada. Kabla hujalinganisha injini, anza na leseni, maana hapo peke yake chaguo moja linaweza kuanguka. Daraja B halikuruhusu kupanda pikipiki. Pikipiki isiyozidi cc 125 inahitaji A1. Ikizidi hapo ni daraja A. Sasa angalia orodha yako: HLX 125 na YBR 125 zote zina cc 124 na ushee, kwa hiyo zinaingia A1. Boxer 150 ina cc 144 na ushee, hiyo ni A. Skuta soma cc kwenye kadi yake ya usajili, usimsikilize dalali. Ukigonga mtu ukiwa na chombo ambacho leseni yako haikifikii, umejitafutia kesi, na bima nayo inapata sababu ya kukukimbia.

Utaratibu wenyewe ni leseni ya kujifunzia kwanza, mafunzo kwenye chuo kinachotambulika, jaribio la trafiki, halafu TRA wanakuongezea daraja kwenye leseni uliyonayo. Usikubali mtu akuuzie cheti. Cheti hakikusaidii daladala ikikusimamia ghafla mbele yako.

Kwa anayeanza, ninachotazama ni mwendo wa polepole. Kwenda kasi pikipiki yoyote inaenda, na ikishakuwa kwenye kasi inajisimamia yenyewe. Mtu huanguka akiwa anatambaa kwenye foleni, akigeuza, au akisimama kwenye mteremko. Zoezi la kwanza ninalowapa wanafunzi ni hili: washa, ingiza gia namba moja, mkono wa mafuta usiuguse kabisa. Achia klachi kidogo kidogo mpaka usikie sauti ya injini inazama na pikipiki inataka kusogea. Hapo ndipo klachi inaposhika. Ishikilie hapohapo, itambae miguu yako ikigusagusa chini pembeni, kisha ivute tena isimame. Rudia mpaka vidole viwe vinajua vyenyewe. Kwenye pikipiki laini ya 125 zoezi hili linaeleweka haraka. Kwenye 150 iliyochakaa klachi utaishia kurukaruka na kuogopa.

Kijiwe Mwenge

Mimi ni dereva boda na nitamtetea kaka yako kidogo. Boxer ina heshima yake. Spea zake zimejaa Kariakoo, na kila fundi wa chini ya mwembe anaijua akiwa amefumba macho. Ukiamua kuuza, haimalizi wiki. Kupanda Makongo na abiria na mzigo, 150 haibembelezi.

Lakini dada hana abiria. Mtu mmoja wa mwili mdogo, 125 inampandisha kule bila kulia, tena akiwa gia ya tatu.

Na hiyo ya jirani, mdogo wangu, iache. Nakwambia mimi ninayeijua kazi hii. Pikipiki ya boda inaamka kabla ya adhana na kulala baada ya baa kufungwa. Mara nyingi mchana anayo huyu, usiku anayo yule. Oili inabadilishwa hela ikipatikana. Jirani ataipaka rangi, ataweka siti mpya na stika, itang'aa. Ndani yake umri ni mwingine kabisa.

Dada Magurudumu

Mimi naendesha skuta, nilianzia hapo, na naipenda. Ila usiichukue kwa sababu binamu amesema ni ya wanawake. Ichukue kama inafaa njia yako.

Uzuri wake: haina klachi wala gia, breki zote mbili ziko mikononi, siti iko chini na chini ya siti kuna nafasi ya mkoba na koti la mvua. Unapanda na gauni lako. Foleni ya Mwenge jioni, skuta haikuchoshi mkono wa kushoto kama pikipiki ya gia.

Ubaya wake ni magurudumu. Ni madogo, kwa hiyo shimo ambalo Boxer inalipita kwa mtikisiko, skuta inaingia nalo mpaka unalisikia mgongoni. Kama kwako Goba ukitoka lami kuna vumbi na makorongo ya maji, wakati wa masika utateseka. Jambo la pili, kwa mtumba: mkanda unaozungusha gurudumu la nyuma unakwisha bila kukupigia kelele, na wa saizi yako unaweza kuutafuta siku nzima. Na tatu, ukishuka mlima kwenye pikipiki ya gia unaweka gia ndogo injini ikakushika. Skuta inakushika kidogo tu, kazi kubwa inabaki kwenye breki. Fikiria ile miteremko ya Makongo lami ikiwa na maji.

Kwa mtu wa Masaki au Upanga ningesema skuta bila kusita. Kwa Goba, hapana.

Fundi Spana

Wameongea vizuri. Mimi niingie kwenye ukaguzi, maana YBR ya ofisi bado iko mezani na hiyo inaweza kuwa mali nzuri. Yamaha injini zake zinavumilia, gia tano, na nyingi zina breki ya diski mbele. HLX 125 nyingi ninazoziona mjini zina dramu mbele na nyuma. Dramu inafanya kazi, ila inataka kukazwa mara kwa mara, na ukishapita kwenye dimbwi inakuwa nzito kushika mpaka ikauke. Diski inajifuta haraka. Kwa mvua za Dar hiyo ni tofauti ya kweli.

Ukienda kuiona, mwambie mwenye nayo asiiwashe kabla hujafika. Weka mkono karibu na injini. Ikiwa ya moto, ujue imeshawashwa ili ugonjwa wa asubuhi usiuone. Iwashe mwenyewe, itulie, kisha muombe mtu azungushe mkono wa mafuta huku wewe umesimama nyuma ya ekzosi. Moshi wa bluu ni oili inaungua, ringi au vali zimekwisha. Moshi mweupe mwepesi unaopotea baada ya dakika chache usikutishe.

Halafu isimamishe kwa stendi kubwa. Shika gurudumu la nyuma ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, bushi au beringi zimekwisha. Inua mbele kidogo, geuza usukani polepole kutoka mwisho huu hadi ule. Ukisikia unanasa katikati, beringi za usukani zimekufa, na pikipiki ya namna hiyo barabarani inatangatanga yenyewe. Vuta cheni kwa nyuma ya spoketi: ikiinuka mpaka uone nusu ya jino, cheni na spoketi vyote unanunua. Hivi vyote vinatengenezeka, ila viwe vimetoka kwenye bei, visitoke mfukoni mwako baadaye.

Kisichotengenezeka ni karatasi. Namba ya chesesi iko kwenye shingo ya fremu. Safisha vumbi, isome herufi kwa herufi ulinganishe na kadi, na namba ya injini vilevile. Ukikuta imekwaruzwa au imepigwa upya, ondoka hata kama bei ni ya kutupa. Uliza kadi halisi iko wapi, maana pikipiki nyingi mjini ni za mkopo na kadi iko kwa aliyekopesha. Angalia faini kwenye mfumo wa polisi mtandaoni kwa namba ya usajili. Na umiliki uhamishwe TRA. Mkataba wa mkono peke yake unakuacha unaendesha mali ya mtu mwingine. Kwa pikipiki ya ofisi, hakikisha anayekuuzia ana barua ya kuruhusiwa kuiuza.

Mzee wa Kilwa Road

Mwanangu, mmeongea chombo, sijaona mtu ametaja kichwa. Katika hiyo milioni tatu na nusu, toa ya kofia kwanza, ndipo ununue pikipiki na kinachobaki. Siyo kofia ya kumridhisha trafiki. Nunua inayofunika uso mzima, yenye alama ya kiwango cha usalama cha ECE 22.05 au 22.06. Ivae, funga mkanda wa kidevu, mwambie mtu aivute kutoka nyuma kuja mbele. Ikitoka, irudishe. Watafiti waliokusanya tafiti za nchi mbalimbali walikuta kofia inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Mimi nimezika vijana wa mtaani kwangu ambao kofia ilikuwa inaning'inia kwenye kiwiko.

Njia ya mwendokasi usiingie hata ikiwa tupu, hata ukiwaona wengine hamsini wamo. Lile basi halikwepi.

Kijiwe Mwenge

Mzee umesema kweli tupu. Niongeze la barabarani. Kwenye kituo cha daladala usipite kushoto kwake, abiria anashuka bila kuangalia. Usikae pembeni ya lori. Na mchanga: kona nyingi za huku pembezoni lami ina mchanga uliosambazwa na mvua au na malori ya kokoto. Punguza mwendo kabla ya kona, ndani ya kona usiguse breki ya mbele.

Mkufunzi, kwenye leseni nitakupinga kidogo: wengi mtaani wana 150 na daraja A hawana, na wanaishi.

Mkufunzi Mabibo

Wanaishi mpaka siku ya ajali, mkuu. Hapo ndipo wote wanaulizwa leseni.

Kuhusu breki ya mbele, nimsaidie dada asitoke hapa akiiogopa. Wanaoanza wengi wanakanyaga ya nyuma tu. Ukifunga breki uzito wote unahamia mbele, kwa hiyo ya mbele ndiyo inayosimamisha kwa kiasi kikubwa. Iminye taratibu ukiongeza nguvu, pikipiki ikiwa wima na imenyooka, na ya nyuma ikisaidia. Kumbuka kwa kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo ruhusa yako mjini, unakwenda mita 14 hivi kila sekunde. Sekunde moja ya kuangalia simu umeshapita urefu wa basi.

Na urefu wako. Kaa kwenye siti, miguu yote chini, kisha weka mguu wa kulia juu ya breki ya nyuma. Umebaki na wa kushoto peke yake. Hivyo ndivyo utakavyosimama kwenye foleni ya mlimani, kwa sababu mguu wa kulia ndio unaozuia pikipiki isirudi nyuma. Kama kisigino cha kushoto kinagusa chini, pikipiki hiyo ni yako. Kama ni ncha ya vidole tu, tafuta nyingine.

Mwanagoba

Jamani asanteni sana. Jumamosi nilizunguka na maneno yenu. Boxer ya jirani nimeiacha bila hata kwenda kuiona. Skuta nilipanda ikiwa imesimama, nikaipenda, lakini nikikumbuka kipande cha kutoka kwetu mpaka lami, Dada Magurudumu ana haki.

YBR niliikuta injini imeshapata moto. Niliyemkuta hakuwa na barua yoyote, na kisigino hakikufika chini. HLX 125 dukani kisigino kimefika vizuri, cha kushoto peke yake, mguu wa kulia juu ya breki. Nimeshika klachi yake, ni laini. Kinachonisumbua sasa ni breki za dramu, Fundi umeniingiza hofu.

Fundi Spana

Usiogope, nimesema tofauti, sijasema ni mbovu. Uliza dukani kama wana yenye diski mbele. Kama hawana, chukua hiyo ya dramu na ujifunze kuikaza mwenyewe, ni nati moja tu, ya nyuma iko mwisho wa fimbo ya breki na ya mbele mwisho wa waya wa breki. Ukitoka kwenye dimbwi, bonyeza breki kidogo kidogo ukiwa unakwenda mpaka uisikie imeanza kushika.

Kwa kuwa ni mpya, siku za mwanzo usiikamue. Badilisha badilisha mwendo, usishikilie mafuta sehemu moja kwa muda mrefu. Huduma ya kwanza ifanye kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu chake, kwa kawaida ni kati ya 500 na 750, na oili ya mwanzo imwagwe yote maana ina vumbi la chuma la injini mpya. Bima chukua siku hiyohiyo ya kununua, na duka lisikutoe na namba ya kuandikwa kwa karatasi. Subiri usajili utoke.

Mkufunzi Mabibo

Na isiletwe Goba ukiiendesha wewe. Mlipe dereva mwenye leseni ailete. Wewe anza chuoni kwa pikipiki yao, na yako uanze nayo Jumapili asubuhi kwenye uwanja wa wazi kabla jua halijawa kali, alama ya L ikiwa mbele na nyuma na mtu anayejua akiwa pembeni yako. Makongo iwe ya mwisho kabisa, na mara ya kwanza upande bila foleni.