Mjadala: Mtu mnene au mrefu akataliwe kwenye bembea, au getini pawekwe kiti cha kujipimia?

Mleta mada (Kirumba)

Wadau wa Mwanza, tulijadili hili kabla ya msimu wa sikukuu. Idi, Krismasi, Nanenane pale Nyamhongolo, watu wa bembea wanafunga mitambo yao: meli ya kubembea, viti vya minyororo, gurudumu kubwa. Upande wa ziwani, boti za kupeleka wageni Saanane na za kuzungusha watu karibu na Jiwe la Bismarck zinajaa.

Mtu mnene au mrefu sana hukutana na mambo mawili. Analipa, anapanga foleni, anakaa, bomba la kumshikilia kitini halifungi, anashushwa mbele ya umati. Au bomba linasukumwa kwa nguvu mpaka lifunge, na anapanda hivyo hivyo. La pili ni baya kuliko la kwanza.

Hoja yangu: mwenye bembea ana haki ya kumkatalia asiyetoshea, lakini hana haki ya kumkatalia akiwa ameshachukua hela yake. Aweke kiti cha kujipimia pembeni ya dirisha la tiketi. Boti nazo ziseme mapema zina jaketi okozi za kifua cha ukubwa gani. Mnasemaje?

Fundi Mitambo (Nyakato)

Naunga mkono, ila tuanze na neno "uzito", maana ndilo linalopoteza watu. Kwenye bembea nyingi kinachomzuia mtu ni umbo. Wa kilo 120 mwenye mapaja makubwa na tumbo dogo anaweza kufungiwa vizuri kabisa, na wa kilo 95 mwenye kitambi akashindwa. Bomba la mapajani linatakiwa likae pale paja linapokutana na nyonga, kwa sababu pale kuna mfupa wa kushikilia. Likikaa juu ya tumbo, mhudumu analitikisa, halisogei, anaridhika. Mtambo ukianza kurusha, pumzi inatoka, tumbo linabonyea, na kati ya bomba na mwili panabaki nafasi ya ngumi mbili. Mtu huchomokea hapo.

Hili halijabaki kwenye makaratasi. Mei 2004 huko Massachusetts, Marekani, mtu mwenye mwili mkubwa alianguka kutoka kwenye rolakosta, yaani treni ya michezo inayopanda na kushuka kwa kasi kwenye reli, akafa. Wachunguzi walikuta bomba lilikuwa halijakaa mapajani kwake, na wahudumu waliiachia treni iondoke.

Halafu kuna aina za bomba. La meno hufunga kwa hatua. Unasikia ka, ka, ka. Kati ya jino na jino mwili wako unaweza kuwa umebanwa mno au umelegea, hakuna katikati. La haidroliki, yaani linaloshikwa kwa msukumo wa mafuta, husimama popote, ndiyo maana huwafaa watu wa maumbo mengi zaidi. Bembea nyingi ndogo za kuhamahama ni za meno, na jino la kwanza peke yake halitoshi hata kama limeshika. Kitabu cha mtengenezaji ndicho kinachosema bomba lazima lifike wapi.

Mama wa Pasiansi

Hoja ya usalama nimeielewa, kaka, na sina ugomvi nayo. Ninachokataa ni hicho kiti kuwekwa mbele ya foleni. Mnamtoa mtu kwenye aibu ya ndani mnampeleka kwenye aibu ya nje. Dada mwenye nyonga pana akikalia kiti kile huku vijana wameshika simu, mwisho wake tunaujua. Wengi wataona afadhali wasijipime, waingie wakabahatishe. Kiti kikae nyuma ya turubai, na vipimo viandikwe ukutani ili mtu ajipime nyumbani kwa futi ya fundi cherehani.

Mwendesha Bembea (Igoma)

Kiti kimoja cha ziada kinagharimu, na mtengenezaji yuko nje ya nchi. Kwangu mimi njia fupi ni kibao: mwisho kilo 100, mwisho sentimita 190. Anayezidi asipande. Kila mtu anaelewa, hakuna mabishano getini.

Fundi Mitambo (Nyakato)

Mkuu, kibao cha kilo peke yake kimeshindwa hata kule kwenye fedha. Orlando, jimbo la Florida, Marekani, Machi 2022, kijana wa miaka 14, Tyre Sampson, alianguka kwenye mnara wa kudondoka, ule unaopandisha viti juu kisha kuviachia vishuke ghafla. Kitabu cha mtambo kiliweka kikomo cha kilo 130. Yeye alikuwa na zaidi ya kilo 170. Kwa nini mtambo ulikubali kuwaka? Sensa ya kiti chake, kifaa cha kuhisi kama bomba limefunga, ilikuwa imelegezwa kwa mkono. Nafasi kati ya bomba la mabegani na ukingo wa kiti, ambayo kawaida ni kama sentimita 8, ikaruhusiwa kufika karibu 18, na taa ikaonyesha kila kitu kiko sawa. Mkanda wa kiunoni haukuwepo. Mwaka 2023 Florida ilipitisha sheria yenye jina lake, inayodai mkanda pamoja na bomba kwenye minara mirefu ya aina ile.

Zingatia kilichotokea pale: mtu hakutoshea kwenye kiti, basi kiti kikalegezwa ili kimtoshe. Mhudumu anayeruka hatua moja ya meno "kwa sababu jamaa amelipa" anafanya jambo lile lile kwa mkono.

Mleta mada (Kirumba)

Lakini fundi, kisa hicho si kinathibitisha kwamba kilo nazo zina maana?

Fundi Mitambo (Nyakato)

Zina maana, sijazikana. Kikomo cha kilo ni cha chuma: mhimili, minyororo, breki. Kutoshea ni jambo la bomba na mwili. Ni vipimo viwili, na mtu avifaulu vyote. Kosa ni kuandika kimoja ukadhani umemaliza cha pili.

Kuhusu gharama ya mwendesha bembea wa Igoma: usichomelee kiti cha kujipimia kwa kukisia. Mgongo ukilala nyuzi chache zaidi ya kiti halisi, tumbo linarudi nyuma na bomba linafunga; mtu anafaulu getini anafeli ndani, unarudi kwenye ugomvi ule ule. Tumia kiti halisi, hata kilichochakaa ngozi, mradi bomba na mfumo wa meno ni vile vile. Huna? Fungua dakika 20 mapema, chombo kikiwa kimesimama, wanaotaka kujipima waingie bure kabla ya watu kujaa. Hiyo haina gharama.

Mama wa Pasiansi

Hilo la kufungua mapema ni zuri kuliko turubai langu. Nakubali.

Mrefu wa Bwiru

Mnazungumzia upana tu. Warefu wana matatu yao.

La kwanza ni goti. Kwenye meli ya kubembea mabenchi yamekaribiana. Mwenye paja refu hawezi kukaa mpaka nyuma. Goti linagonga benchi la mbele, basi anakaa upande. Akikaa upande bomba linabana paja moja, la pili liko huru. La pili ni kiwiliwili. Kwenye bomba la mabegani urefu wa kusimama unadanganya: watu wawili wa sentimita 190, mmoja miguu mirefu, mwingine mgongo mrefu. Wa mgongo ndiye bomba linamkandamiza mabega, na kila mtikisiko unaingia shingoni. Kipimo chake ni kutoka kwenye kikalio mpaka begani, akiwa ameketi.

La tatu watu hulisahau: mikono. Nje ya nchi rolakosta kadhaa zina kikomo cha juu, karibu sentimita 195, hata kama mtu anatoshea kitini vizuri. Sababu ni kwamba mrefu akinyoosha mkono au mguu anafika kwenye nguzo ambazo wengine hawafiki. Kwa viti vya minyororo vinavyofungwa uwanjani hapa, hesabu ni hiyo hiyo: viti vikizunguka vinatanuka nje, na uzio unatakiwa uwe mbali na mguu wa mtu mrefu ulionyooshwa. Anayepima uzio viti vikiwa vimesimama amekosea.

Mlezi wa Watoto (Buhongwa)

Na ile familia inayokaa pamoja? Baba mnene, mtoto wa miaka sita pembeni, bomba moja la wote wawili.

Fundi Mitambo (Nyakato)

Umeuliza la msingi. Bomba la pamoja husimama kwa mwili mkubwa. Likigota kwenye paja la baba, kwa mtoto limebaki hewani, mbali na mapaja yake. Unaweza kupitisha mpira wa miguu. Baba amefungwa, mtoto hana chochote. Wahudumu huangalia mnene tu, kumbe aliye hatarini ni mwembamba wa pembeni. Wakaao chini ya bomba moja wawe wa umbo linalokaribiana. Mtoto akae na mama mdogo wa mwili au na dada yake, kama kimo chake kinaruhusiwa.

Na ukaaji wenyewe, maana wengi wanafeli kwa kukaa vibaya. Toa simu na pochi mfukoni. Sukuma makalio mpaka yaguse mgongo wa kiti kabisa. Sentimita tatu za uvivu hapo ndizo zinazonyima jino la mwisho. Nyoosha mgongo. Kama kuna mkanda, upite chini ya tumbo, juu ya nyonga. Vuta bomba mwenyewe, maana wewe ndiye unajua panapouma. Mhudumu ashike bomba alivute kwenda JUU mara mbili, asilisukume chini. Kusukuma chini kunapima nguvu zake tu. Kuvuta juu ndiko kunakoonyesha kama limeshika.

Nahodha (Kamanga)

Nihamie majini. Kwenye jaketi okozi, wanene wamepewa hofu isiyo yao. Mafuta ya mwili huelea. Mtu wa kilo 130 hahitaji boya mara mbili ya wa kilo 65. Jaketi la mtu mzima lenye niutoni (kipimo cha nguvu ya kuelea) 100 au 150, limeandikwa kwenye lebo, linamtosha KAMA LINAFUNGA. Kinachopimwa ni kifua, sio kilo. Jaketi lililoachwa wazi mbele, mtu akiingia majini linapanda usoni, yeye anabaki chini yake anahangaika.

Kanuni za kimataifa za SOLAS, za usalama wa maisha baharini, zinasema jaketi la mtu mzima lisilomfaa mtu wa hadi kilo 140 na kifua cha hadi milimita 1,750 liwe na kiungio cha kuliwezesha kumfunga. Zile ni za meli kubwa, lakini kipimo ni kizuri hata kwa boti ya watu kumi. Mikanda miwili ya kuongezea, ya sentimita 40, yenye vifungo vya aina ile ile ya jaketi, inakaa kwenye sanduku dogo. Msiungeunge kwa kamba. Fundo la nailoni likilowa huteleza. Na kwa warefu: jaketi fupi bila mkanda wa kupita kati ya miguu hupanda haraka zaidi.

Kwenye ulalo wa boti, hapo sasa kilo ndiyo mfalme. Boti ya watu kumi kwa hesabu ya kilo 75 ni kilo 750. Wakipanda kumi wa kilo 105 ni 1,050, sawa na watu 14, wakati cheti kinasoma kumi. Ziwa hili lina MV Bukoba, Mei 1996, na MV Nyerere, Septemba 2018. Hatuhitaji kufundishwa maana ya kuzidisha. Mwenye mwili mkubwa akae katikati, chini, na akanyage katikati ya boti anapopanda, ashikwe na watu wawili. Akikanyaga ukingo, boti inalala na waliokwisha kaa wanaruka upande wa pili. Mrefu asisimame kushika mabomba ya turubai. Uzito wake uko juu.

Mwendesha Bembea (Igoma)

Basi anayechukua nafasi ya watu wawili alipe viti viwili.

Mama wa Pasiansi

Hapana, ndugu yangu. Mtoto wa kilo 20 mbona hamumtozi robo ya kiti? Mkikubali wastani pale unapowafaidisha, ukubalini na pale unapowagharimu.

Nahodha (Kamanga)

Mimi naona kati. Boti ikibidi kupunguza kichwa kimoja, bei ya safari nzima igawanywe kwa waliomo. Kwa kundi lililokodi boti hilo halina shida. Kwa abiria wa mmoja mmoja, sijaona njia ya haki isiyomuumiza mtu, na nisingependa sheria ya viti viwili iandikwe kwenye gati lolote.

Mleta mada (Kirumba)

Tubaki basi na kibao. Orlando mwaka 2010, bustani ya michezo ya Universal walipofungua mchezo wao mkubwa wa Harry Potter, waliweka kiti cha kujipimia nje, na malalamiko yalipozidi wakarekebisha baadhi ya viti vikapokea miili mikubwa zaidi. Kwa hiyo kipimo kinaweza kumbadilisha mwenye mtambo pia. Kwetu napendekeza kibao cha mistari minne: upana wa kiti kwa sentimita, nafasi kutoka mgongo wa kiti hadi bomba kwenye jino la mwisho linalokubalika, kikomo cha kilo, kikomo cha urefu. Hakuna neno "mnene" popote.

Mwendesha Bembea (Igoma)

Kibao na kufungua mapema nakubali. Kurudisha hela je? Mtu ameona kibao, amekataa kujipima, amefika ndani hafungi.

Mama wa Pasiansi

Arudishiwe yote. Bomba la meno lina bahati yake, fundi ameeleza. Mtu anaweza kujipima kwa futi nyumbani akakosea kwa sentimita mbili. Na aliokuja nao, kama hawataki kupanda wakamwacha amesimama kwenye uzio ameshika mabegi yao, nao warudishiwe.