MREJESHO: yule wa "ni wito au kiherehere?"

Jamani nimerudi. Mwezi wa pili niliwauliza kama hii hamu ya kuwa katekista (mwalimu wa dini kwetu Wakatoliki) ni wito kweli au kiherehere changu tu, mkaniambia niache kujichunguza niende kwa paroko. Nikaenda. Padre hakusema ndio wala hapana, akanipa niwafundishe watoto wanaojiandaa na sakramenti ya Kipaimara miezi mitatu, nikaona huyu ananizungusha. Kumbe ndo jibu lenyewe, maana wiki ya pili tu nilitaka kukimbia, watoto hawasikii, posho hakuna, cherehani imelala nyumbani na wateja wananipigia, ila Jumamosi ikifika najikuta nishavaa naenda. Halafu Jumapili moja mvua ikakata barabara, padre hakufika kigangoni (kanisa letu dogo chini ya parokia), nikaongoza ibada ya Neno mikono inatetemeka, wala sikuona utamu wowote wa kukaa mbele (yule aliyesema natafuta sifa asome hapo 😂). Na mliosema ni kazi ya wanaume, Papa Francisko alipoianzisha rasmi huduma ya katekista Mei 2021 alitaja walei wote, wanaume kwa wanawake. Mzee wangu bado ananuna kidogo. Januari naanza mafunzo.