Sukari ya baba: tuanze na sahani

Salma: Jamani, majibu ya baba yametoka. Sukari ya asubuhi kabla ya kula 6.3 mmol/L, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu) asilimia 6.1. Ameshaacha sukari kwenye chai. Inatosha?

Shangazi Zuhura: Haitoshi, mwanangu. HbA1c ya 5.7 hadi 6.4 bado si kisukari, ila ni onyo. Mwili umeanza kuwa sugu kwa insulini, yaani hauisikii vizuri homoni inayoshusha sukari. Kijiko kimoja cha sukari si kitu mbele ya lile lundo la wali.

Idi: Kwa hiyo wali marufuku? 😩

Shangazi Zuhura: Nani kasema? Apunguze. Sahani ya kawaida, si sinia. Nusu iwe mboga za majani, kabichi au bamia, robo samaki, kuku, mayai au maharagwe, robo wali. Viazi vinakaa kwenye robo ya wanga, si kwenye mboga. Hapo wengi wanateleza.

Mjomba Hamisi: Na maharagwe yana wanga pia, ila nyuzinyuzi zinauchelewesha. Akila mengi, wali upungue. Halafu aanze na mboga na kitoweo, wali amalizie. Chakula ni kilekile, lakini sukari haipandi sana.

Idi: Juisi freshi je? Haina sukari.

Shangazi Zuhura: Glasi moja ina sukari ya machungwa kama matatu, nyuzinyuzi zimetupwa. Ale chungwa lenyewe. Asali nayo ni sukari, msimdanganye mzee.

Salma: Mbona asubuhi iko juu na usiku kucha hajala?

Mjomba Hamisi: Ini hilo. Alfajiri homoni huliambia litoe sukari, na likiwa sugu kwa insulini linaendelea tu kutoa. Kumlaza njaa si dawa. Apunguze uzito: kwa kilo zake 90, hata 5 au 6 zinaleta tofauti. Na atembee dakika 15 baada ya kula, misuli ikifanya kazi huvuta sukari bila kutegemea insulini.

Salma: Mashine ya kupimia ipo. Apime saa ngapi?

Shangazi Zuhura: Kabla ya kula, kisha baada ya saa mbili kupita tangu tonge la kwanza. Ikizidi 7.8, andikeni alikula nini na kiasi gani. HbA1c rudieni baada ya miezi 3, mapema zaidi haitaonyesha mabadiliko yote. Kama ana upungufu wa damu, daktari ajue, maana kipimo hicho kinaweza kudanganya.

Idi: Na biskuti za "bila sukari"?

Shangazi Zuhura: Geuza pakiti, soma mstari wa wanga wote. Nyingi ni unga mweupe tu.