CB au VHF: redio gani nifunge kwenye hadtop ya porini? (Tabora)

MrinaAsali (Sikonge): Wakuu, habari za jioni. Tuna Land Cruiser hadtop mbili za volti 12, tunaingia nazo misitu ya upande wa Ugalla kubeba asali. Tukishaacha lami kule Ipole, simu ni mapambo. Masika iliyopita gari la nyuma lilizama kwenye tope la mbuga, sisi wa mbele tukaenda zaidi ya saa nzima bila kujua. Vijana walilala pale pale na ndoo za asali. Sitaki yajirudie. Nataka redio ya kufunga moja kwa moja kwenye gari, siyo ya mkononi. CB au VHF?

FundiRewaya (Tabora mjini): Pole sana mkuu. CB ni redio ya masafa ya raia, inatumia MHz 27, ina chaneli 40, nguvu wati 4 kwa AM. Ni nafuu, na kwa magari yanayofuatana kwa kilomita chache inatosha. Tatizo ni antena. Antena kamili huwa na urefu wa robo ya wimbi, na robo ya wimbi la MHz 27 ni karibu mita 2.7, fimbo ya urefu huo kwenye miombo itachapwa na matawi mpaka ing'oke. Zipo fupi zenye koili, ila ukifupisha unapoteza umbali. VHF, yaani redio ya masafa ya juu zaidi, ikiwa ya MHz 150 robo yake ni nusu mita, inakaa juu ya paa bila shida, na redio za gari zinatoa wati 25 mpaka 50. Mimi ningefunga VHF.

MwanaUjiji: Kaka, hapo sawa kwa Tabora kwenye tambarare. Huku kwetu kuelekea Mahale, mlima ukikaa katikati VHF inanyamaza. Niliwahi kuendesha gari la mizigo kwenda kambi ya Nyarugusu, lilikuwa na HF, redio ya kuongea mbali sana, yenye fimbo nene kwenye bampa, tunaongea na ofisi iliyo mbali kabisa. Lakini bei yake kwa mtu wa asali ni mzigo.

MamaUvinza: Kabla hamjanunua chochote, nendeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mkaulize leseni ya redio na masafa mtakayopangiwa. Jirani yangu alinunua kwanza, akaja kuhangaika baadaye.

FundiRewaya: Asante mama, hilo ni la kwanza. Sasa MrinaAsali, sikiliza, maana hapa ndipo wengi wanaharibu. Usichukue umeme kwenye waya wa redio ya muziki. Vuta waya mnene toka kwenye betri, chanya na hasi, kila mmoja na fyuzi yake karibu na betri. Pale waya unapopenya bodi weka mpira wa tundu, la sivyo bati litakwangua ganda mpaka shoti.

Antena iwe katikati ya paa. Kwangua rangi chini ya kitako chake mpaka uone chuma kinang'aa, kaza, kisha paka grisi kuzuia kutu. Rangi ikibaki, athi (muunganiko wa antena na bodi) haipo, na redio ya wati 50 itasikika kama ya mkononi. Halafu pima kwa mita ya SWR, inayoonyesha nguvu inayorudi toka kwenye antena: ikisoma 1.5 au chini, uko salama. Ikizidi 3, usibonyeze maiki, utaunguza redio. Na usiwahi kurusha sauti antena ikiwa imefunguliwa.

MwanaUjiji: Hapo kwenye rangi nakuunga mkono. Gari letu lilisumbua miezi, kumbe ni rangi tu.

MrinaAsali: Nimeelewa, naenda na VHF, leseni kwanza. Ila paa langu lina keria ya chuma ya kubebea mizinga, imefunika karibu paa zima. Antena itakaa wapi?

FundiRewaya: Isikae chini ya keria, chuma kitaimeza. Tutachomelea kipande cha bati katikati ya keria, kitako kikae juu yake, na tuvute waya wa athi toka keria mpaka kwenye bodi. Mizinga ipange pembeni, isiiegemee. Leseni ikitoka njoo na gari moja kwanza, tupime, ndipo tufunge la pili.

MrinaAsali: Sawa fundi. Nitakuja nalo likiwa na mzigo, tupime hali halisi.