Nimefunga Ramadhani yote bila kuvunja, mimba sina. Hedhi imekwenda wapi?

BintiMkomani
Asalaam aleikum. Mimi ni mke wa mtu, mama wa mtoto mmoja, miaka 27, mwenyeji wa Lamu. Hedhi yangu imekatika tangu kabla ya Ramadhani. Zamani ilikuwa haikosi, nikiijua wiki yake hata bila kuandika. Nimepima mkojo na kurudia, sina mimba. Na mimba itoke wapi, mume wangu yuko Qatar kikazi tangu mwaka jana.

Kinachoninyima usingizi ni mavyaa. Tunakaa naye. Mwezi mzima ameniona nikila daku na kufuturu naye, sikupumzika hata siku moja. Siku moja tunachagua mchele akaniuliza, "Mwaka huu huna siku za kulipa?" Nikamwambia sina. Hakusema neno. Akashika ungo wake akaendelea kutoa chuya, lakini macho yako kwenye tumbo langu.

Jana nimepanda tuktuk hadi duka la dawa, kijana akaniuzia tembe za kushusha damu. Nizimeze? Na ni nini kingine kinachozuia hedhi isipokuwa mimba?

Mama Zuhura
Wa aleikum salaam mwanangu, pole. Achana na tembe. Chemsha mdalasini na tangawizi, tia habasoda, unywe asubuhi kabla ya kula. Binamu yangu wa Siyu alikatika hivyo hivyo, mtaa mzima ukamsema, kumbe ni huzuni. Alikuwa amefiwa na mamake, hali wala halali. Alipoanza kula, siku zake zikarudi zenyewe, na sasa ana watoto. Fikira humla mtu.

Abu Sumayya
Dada, mume yuko mbali nawe unatafuta dawa ya kushusha damu. Wanaozitafuta dawa hizo twajua wanataka nini. Kama umeteleza, tubu, mlango wa toba uko wazi. Usiongeze dhambi juu ya dhambi.

BintiMkomani
Ndugu yangu, Mungu ni shahidi, sijateleza. Nimesema nimepima.

Sabaki
Abu Sumayya, hayo maneno yako ndiyo yanayofanya wanawake wanyamaze na maradhi yao. Mke wangu alikosa hedhi, akawa anachoka, anahisi baridi hata jua la saa saba hapa Malindi, na mwili unaongezeka. Shangazi zangu wakaanza kununua nguo za mtoto. Daktari alimtazama shingo, akampima damu ya tezi, ikawa tezi inafanya kazi chini ya kiwango. Alipewa tembe moja ya kila asubuhi. Hedhi ilirudi, na nguvu ikarudi. Dada, shingo yako imevimba?

BintiMkomani
Haijavimba.

Nesi Mstaafu
Binti, hizo tembe ziweke kando kwanza. Hata zikileta damu, hazitatuambia ilizuiwa na nini. Hedhi huamriwa kichwani: kitezi kidogo chini ya ubongo hutuma homoni kwa ovari, na ovari huandaa mji wa mimba. Ujumbe ukikatika popote, damu haiji. Huzuni hukatisha, kukonda ghafla hukatisha, mazoezi ya kupita kiasi pia. Tezi ya shingo, kama alivyosema Sabaki. Wengine ovari zao hazipevushi yai kwa mpango, na hao mara nyingi huota nywele kidevuni na chunusi zisizoisha. Kisukari kisichodhibitiwa kinaweza. Wachache ovari huchoka kabla ya miaka 40. Sindano ya uzazi ya miezi mitatu nayo: mwaka ukitimia, karibu nusu ya wanaoichoma hawaoni hedhi, na wakiiacha huchukua miezi kabla mambo kurudi.

Mama Zuhura, mdalasini wako ni chai nzuri, lakini hautibu lolote kati ya hayo.

Sasa nijibu moja moja. Umekonda? Umechoma sindano? Unanyonyesha? Kuna dawa unayomeza kila siku? Matiti yanatoa chochote?

BintiMkomani
Shukrani mamangu. Sikukonda, nimeongezeka kidogo. Sindano sijachoma. Mtoto ameacha ziwa zamani. Dawa ni za presha tu, tena ndogo.

Nesi Mstaafu
Presha kwa miaka 27 inawezekana, ila nataka jina la dawa. Na swali la matiti umeliruka.

Mzaliwa wa Langoni
Samahani jamani, huu uzi mimi siuamini. Anajiita binti wa Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, kisha amepanda tuktuk kwenda duka la dawa. Mkomani ipi hiyo? Vichochoro vyetu ni miguu na punda. Mtu wa Lamu angesema alitembea hadi barabara ya ufukweni. Huyu ni mtu amekaa pahali anatunga, kesho tutasikia mavyaa amemfukuza na anaomba nauli.

Abu Sumayya
Nami nilihisi. Presha, sijui tuktuk. Uongo hauna miguu.

Sabaki
Mwacheni ajibu.

BintiMkomani
Sijaomba pesa na sitaomba. Niko Malindi kwa khalati, nilikuja kwa basi wiki iliyopita. Tuktuk ni ya hapa. Langoni, kama wewe ni mtu wa kwetu basi unajua kwa nini sikuenda duka la dawa la kwetu. Ukinunua kitu saa nne, adhuhuri kimeshafika nyumbani.

Nesi Mstaafu
Hilo nalielewa. Lakini kipimo cha mkojo hakimtoi mtu Lamu hadi Malindi. Kuna dawa unayoichukua huko ambayo hutaki kuichukulia nyumbani?

BintiMkomani
Ndiyo.

Si za presha. Ni risperidoni, dawa ya maradhi ya akili. Mwaka jana mume alipoondoka niliugua, nikawa silali, nasikia watu wananisema ukutani. Mamangu alinileta huku kimya kimya, nikapona. Mume na mavyaa waliambiwa ni presha. Na matiti ndiyo, yanatoa maziwa nikiyaminya. Niliogopa mkisikia maziwa mtasema nimezaa nikaficha.

Msinilaumu. Mimi ni mzima sasa, napika, nasomesha mtoto Kurani, hakuna anayejua. Nimeanza kukata tembe, nameza nusu. Nikimaliza pakiti hii naacha. Mume anarudi kabla ya mfungo mwingine, na anataka mtoto wa pili.

Nesi Mstaafu
Hakuna wa kukulaumu. Umeponyoka kwenye ugonjwa mkubwa, na hizo tembe ndizo zilizokushika mkono. Sikiliza sana. Ubongo una dopamini inayozuia homoni ya maziwa, prolaktini. Risperidoni huizuia dopamini hiyo, prolaktini inapanda, mwili unafanya kama wa mwanamke anayenyonyesha: maziwa yanatoka, hedhi inasimama. Ni jambo linalojulikana, hata dawa za kuzuia kutapika huweza kulifanya. Prolaktini ikikaa juu kwa muda mrefu mifupa hudhoofika, kwa hiyo si jambo la kuvumilia tu.

Lakini usiikate mwenyewe. Rudi kwa aliyekuandikia, mwambie wazi: hedhi imesimama, maziwa yanatoka, nimeanza kupunguza nusu. Anaweza kushusha dozi polepole akikuangalia, au kukubadilishia. Ziko dawa za ugonjwa huo huo, kama aripiprazoli, ambazo kwa kawaida haziipandishi prolaktini hivyo. Omba kipimo cha prolaktini na cha tezi. Kichwa kikikuuma sana au macho yakawa hayaoni pembeni, usingoje miadi, nenda siku hiyo hiyo.

Na hilo la mtoto: mtu asiyeona hedhi bado anaweza kushika mimba. Panga na daktari kabla mume hajafika.

BintiMkomani
Nusu ninayomeza sasa inanitosha, sijaona tatizo lolote.

Nesi Mstaafu
Ugonjwa huu mara nyingi haurudi siku unayopunguza. Hurudi wiki au miezi baadaye, wakati umeshasahau. Unalala vipi siku hizi?

BintiMkomani
Usiku nakaa macho. Nadhani ni kwa sababu ya mavyaa.

Nesi Mstaafu
Nenda wiki hii, binti. Usingoje pakiti iishe.

Mzaliwa wa Langoni
Dada, nisamehe. Nina ndugu yangu anayemeza dawa za aina hiyo, na nyumbani tunasema ana kipandauso.

Mama Zuhura
Mwanangu, mavyaa usimwache na dhana zake, wala si lazima umpe siri yako. Mwambie: dawa ninazomeza zimenikata hedhi, daktari analishughulikia. Ni kweli tupu. Akitaka ushahidi, kipimo kipo, akushikie taa ukipime mbele yake.

Abu Sumayya
Allah akuponye.

BintiMkomani
Amin. Nimemwambia khalati sasa hivi, tunakwenda pamoja Alhamisi. Tembe za kushusha damu sikuzifungua. Mamangu nesi, kipimo hicho nifunge kula?

Nesi Mstaafu
Si lazima. Nenda asubuhi, yakipita masaa mawili matatu tangu uamke, na usiyaminye matiti tangu leo, kwani kuyaminya kunaipandisha. Chukua pakiti lenyewe la dawa uliweke mezani kwa daktari.