London–Paris na bimkubwa na watoto: ndege ya Luton au treni ya St Pancras?

BintiPangani:
Salaam wakuu. Mdogo wangu anaoa Saint-Denis, kando ya Paris, nasi tunatokea Barking, mashariki mwa London. Tupo wanne: mimi, bimkubwa (amekuja kututembelea kutoka Tanga, magoti yanamsumbua), mtoto wa miaka 9 na mwingine wa 3. Mume anabaki na zamu zake. Nimechungulia bei za Ijumaa ile: ndege ya Luton pauni 38 kwa kichwa, treni ya Eurostar pauni 79. Mume kasema hapo hakuna mjadala, ndege. Nyie mnaopita njia hiyo mnasemaje? Na kabla hamjaniuliza, viza ya Schengen (ile ya kuingia Ufaransa na wenzake wa Ulaya) ya bimkubwa ipo, tuliomba Dar kabla hajaja.

Mzee_wa_Gare:
Kwenye viza umenipunguzia maneno, dada. Wengi hudhani viza ya Uingereza inafika mpaka Paris, wanakuja kuumbuka langoni. Na mzazi akishaingia hapa kwa matembezi, kumwombea Schengen hapahapa ni mtihani, maana wanataka mtu aombe kule anakoishi.

Sasa safari. Achana na 38 na 79, hesabu mlango kwa mlango. Kwenda Luton utapanda treni ya mjini ya Hammersmith & City mpaka Farringdon, ushike treni ya Thameslink. Kituo kinachofuata cha hiyo Thameslink ni kipi? St Pancras! Utapita palepale ilipo Eurostar, uendelee mpaka Luton Airport Parkway, uhamie kile kitreni cha DART, ndipo uanze foleni. Ukitua Charles de Gaulle (CDG), uwanja wa ndege wa Paris, treni ya mjini ya RER B inakuleta wapi? Kituo cha Gare du Nord, ambapo Eurostar ingekushusha toka mapema. Na hiyo RER ina nauli yake ya uwanja wa ndege. Ilipoanza Januari 2025 ilikuwa euro 13 kwa mtu mzima.

ChallaPeckham:
Wazee wa treni mmeanza. Mimi nakwenda Paris mara nne tano kwa mwaka, kibegi mgongoni, napanda ndege na sijutii. Treni ukichelewa kukata tiketi, hasa shule zikifungwa, bei inapaa hadi unaona huruma. Na ndege ikichelewa zaidi ya saa tatu kufika, kosa likiwa lao, kwa safari fupi kama hii unadai pauni 220. Nilishalipwa mara moja, nikanunulia jaketi.

Mzee_wa_Gare:
Challa, wewe ni mtu mmoja na kibegi. Huyu ana bibi, watoto na nguo za harusi.

Chukua ndege ya saa nne asubuhi. Atoke nyumbani saa kumi na mbili. Angani ni saa moja na kidogo tu, ila Paris saa ziko mbele kwa moja, kwa hiyo anatua saa sita na ushee. Uhamiaji, mabegi, RER: Gare du Nord saa nane. Treni ya saa tatu na nusu: anatoka nyumbani saa moja na robo, hiyohiyo Hammersmith & City inamshusha King's Cross St Pancras bila kubadilisha, na polisi wa Ufaransa wanakagua pasipoti hapohapo London. Safari ni saa mbili na dakika ishirini hivi. Saa saba kasoro dakika kumi yuko Gare du Nord, anatoka na mabegi yake, hakuna tena wa kumuuliza chochote. Saint-Denis ni vituo viwili kwa RER D.

MamaZuhra:
Nyongeza ya hesabu. Ndege inamtoza mtoto wa miaka 3 kiti kizima, maana wa kupakatwa ni chini ya miaka 2. Eurostar chini ya miaka 4 anapakatwa bure, na wa miaka 9 ana nauli ya mtoto. Mabegi mawili makubwa kwa mtu mzima yamo ndani ya tiketi. Kwenye ndege ile 38 ni ya wewe na kibegi cha chini ya kiti. Mimi shirika moja (jina naliacha) walinipimia begi langoni, gurudumu likazidi kile kisanduku chao kwa upana wa kidole. Nililipa zaidi ya tiketi yenyewe.

Kuhusu bimkubwa, omba kiti cha magurudumu mapema, siku mbili kabla, popote utakapopanda. Ni bure. Ila Luton na CDG ni kumtembeza mara mbili.

Msisahau EES, ule mfumo wa Ulaya wa kusajili wageni mpakani ulioanza Oktoba 12, 2025: bimkubwa atapigwa picha, maana alama za vidole alishazitoa kwenye viza. Watoto chini ya miaka 12 ni picha tu. Fikeni mapema kuliko tiketi inavyosema.

BintiPangani:
Nimerudia hesabu. Ndege: 38 mara nne ni 152, mabegi mawili 64, jumla 216, bado Luton na RER. Treni: 158 sisi wawili, 49 mtoto, jumla 207. Nimempelekea mume. Kaisoma, hajajibu.

Swali jingine: nina sambusa 200 za nyama kwenye friza na ndoo ya achari ya embe.

ChallaPeckham:
Achari mkononi, viwanja vingi vya ndege mwisho ni 100 ml, labda uiweke kwenye begi la chini na uombe Mungu kifuniko kisifunguke juu ya gauni.

MamaZuhra:
Achari kwenye treni inapita, funga na mfuko mara mbili. Sambusa acha. Tangu 2021 nyama na vitu vya maziwa kutoka Uingereza haviingii Ulaya kwenye mizigo ya abiria, kwa ndege wala kwa treni. Samaki wanaruhusu. Au nunua nyama Saint-Denis mkunje hukohuko, mashangazi si watakuwepo?

BintiPangani:
Wapo saba, na kila mmoja ana kipimo chake cha pilipili. Haya, nimekata treni. Bimkubwa kasikia inapita chini ya bahari, anauliza kama samaki wataonekana dirishani.

Mzee_wa_Gare:
Mwambie ni giza tupu, dakika ishirini. Kilomita 38 chini ya maji na hata tone halionekani. Achukue tasbihi.